Pristine, immaculate, spotless au mint: uchague neno gani?

Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili huyapa maneno haya manne jibu moja: safi kabisa. Jibu hilo si la uongo, lakini halimsaidii mtu anayetaka kuandika sentensi. Ufukwe huwa *pristine*, jiko huwa *immaculate*, sarafu huwa *mint*. Ukiyabadilisha nafasi utaeleweka, ila msomaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Ili kuyatenganisha, usiulize kitu ni safi kiasi gani. Uliza kimefikaje kwenye usafi huo. Je, hakijaguswa tangu mwanzo, au kuna mtu amekifanyia kazi?

Pristine: neno la historia ya kitu

Asili yake ni neno la Kilatini *pristinus*, yaani “a zamani”, “a awali”. Lilipoingia katika Kiingereza karne ya 16 halikuwa na uhusiano wowote na sabuni. Lilitaja hali ya kwanza ya kitu kabla hakijabadilika. Katika Macbeth ya Shakespeare, Macbeth anamwambia tabibu kwamba laiti angeweza kuipima nchi kama anavyompima mgonjwa, akaujua ugonjwa wake na kuirudisha kwenye *a sound and pristine health*. Hapo *pristine health* ni ile afya nchi iliyokuwa nayo hapo kwanza. Anayetafsiri “afya safi” ameikosa shabaha.

Kutoka hapo maana ilisogea hatua mbili. Kitu kilichobaki katika hali yake ya kwanza ni kitu ambacho hakijaharibiwa, basi neno likaanza kumaanisha “ambacho hakijaguswa wala kuchafuliwa”. Na kwa kuwa kitu kisichoguswa huonekana kipya, likaendelea hadi “safi kama kitu kipya”. Hatua hii ya mwisho ni changa, na kwa muda mrefu wapo wahariri walioiona kuwa kosa. Leo imekubalika, kamusi zinaiandika, na hakuna haja ya kuikwepa. Lakini harufu ya maana ya zamani haijatoka: msomaji wa Kiingereza akikutana na *pristine* bado anasikia “hakuna aliyekigusa”.

Mfano bora wa maana hiyo ni mawe ya mwezini. Kati ya mwaka 1969 na 1972 safari za Apollo zilileta duniani kilo 382 za mawe na udongo wa mwezi. Katika maabara ya NASA kule Houston, *pristine* si sifa ya kupamba maneno. Ni daraja la uhifadhi. Sampuli zilizo katika daraja hilo hukaa ndani ya makabati yaliyojazwa nitrojeni, na mhudumu huzishika kwa glavu zilizofungwa kwenye kabati lenyewe. Kipande kikiazimwa na mtafiti kisha kikarejeshwa, huandikwa *returned* na kuhifadhiwa kando. Hata kama kimerudi bila mkwaruzo, hakiwi tena *pristine*. Na angalia upande wa pili: vipande vingi vya daraja la *pristine* vimejaa vumbi. Vumbi hilo ni la mwezini, kwa hiyo halivunji kitu. Ukilisugua jiwe likang'aa, umelifanya *spotless* na umeliondoa kwenye *pristine* kwa mkono uleule.

Immaculate: neno la kazi ya mtu

*Macula* kwa Kilatini ni doa au waa. Kiambishi cha mbele kinakanusha. Kwa herufi, basi, *immaculate* ni “bila mawaa”, na Kiswahili kina neno hilohilo kwa wasomaji wa Biblia. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, neno hili limebeba kitu cha ziada, nacho ni bidii. Chumba *immaculate* kina mtu anayekitunza: shuka limenyooshwa, vitabu vimepangwa, kioo kimefutwa. Nyasi za bustani zinaweza kuwa *immaculate* kwa sababu zimekatwa zikalingana. Nyasi za mbuga haziwezi kuwa *immaculate* hata siku moja, ingawa zinaweza kuwa *pristine*.

Ndiyo maana neno hili humkubali mtu bila shida. *She looked immaculate* inaeleweka mara moja: amevaa, amejipanga, hakuna uzi uliotoka. Kiswahili chake ni nadhifu, si safi tu. *She looked pristine* inasikika kana kwamba ametolewa kwenye karatasi aliyofungiwa dukani. Waandishi wengine hufanya hivyo makusudi kwa mzaha, lakini kama hukukusudia mzaha usijaribu.

*Immaculate* pia hutoka kwenye vitu vya kushikika na kwenda kwenye utekelezaji: *immaculate timing*, *immaculate taste*, *an immaculate performance*. Hapa *pristine* haifai kabisa. Onyesho la jukwaani halikuwahi kuwa na hali yake ya awali.

Tahadhari moja ya dini. *Immaculate Conception* ni fundisho ambalo Papa Pius IX alilitangaza rasmi tarehe 8 Desemba 1854, na linamhusu Maria mwenyewe alipotungwa mimba. Wengi, hata Waingereza wenyewe, hudhani linahusu kuzaliwa kwa Yesu. Kiswahili cha Kanisa Katoliki kimelieleza vizuri kuliko Kiingereza: Mkingiwa Dhambi ya Asili. Mfasiri atumie jina hilo. “Mimba safi” itazua mambo mengine.

Matamshi nayo yana mtego. Silabi ni nne, mkazo uko kwenye ya pili, na mwisho ni “-lit”, si “-leit”.

Spotless

Hili ndilo rahisi kuliko yote: jicho limetafuta doa, halikuliona. Historia ya kitu haihusiki. Sahani iliyotumika miaka kumi ikaoshwa vizuri ni *spotless*. Neno linapenda kukaa na *clean*, kwa hiyo *spotlessly clean* ni jozi iliyozoeleka, na linapohamia kwenye tabia hukaa na *record* na *reputation*: mtu asiye na kosa katika kumbukumbu zake. Ukitaka kusema jina la mtu halijachafuka, *spotless* au *unblemished* ni chaguo salama kuliko *pristine*.

Mint: neno la soko

Mnanaa hauhusiki hapa. *Mint* hii ni kiwanda cha kugonga sarafu, na chimbuko lake ni *moneta* ya Kilatini. Jina la jani lina chimbuko jingine. *In mint condition* ilianzia kwa wakusanyaji wa sarafu: sarafu ambayo bado iko kama ilivyotoka kiwandani, haijapita mikononi mwa wanunuzi na wauzaji.

Sarafu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini maneno haya hayabadilishani. Mizani ya Sheldon, inayotumiwa na wakusanyaji, ina alama 1 hadi 70, na daraja la *Mint State* linaanzia 60. Sarafu ya alama 60 inaweza kuwa na mikwaruzo mingi, kwa sababu sarafu mpya hugongana ndani ya mifuko kabla hazijatoka. Ni *mint*, lakini si *spotless*. Sasa chukua sarafu nyingine iliyotumika, uisugue kwa dawa mpaka ing'ae kama kioo. Hiyo ni *spotless*, na haitakuwa *mint* kamwe. Inaposuguliwa, ngozi ya juu yenye mistari midogo iliyoachwa na muhuri wa kiwandani huondoka, na mng'ao wa asili huondoka nayo. Mkadiriaji mwenye uzoefu huuona ule mng'ao wa bandia kwa kuigeuza sarafu chini ya taa, na thamani huporomoka. Mwenye sarafu ya zamani asiisafishe. Ushauri huo wakusanyaji huutoa kabla ya salamu.

Kutoka kwenye sarafu neno likahamia kwenye stempu, vitabu vya katuni, vifaa vya kuchezea na santuri. Kwa muuzaji wa santuri ni daraja lenye masharti: *Mint*, halafu *Near Mint*, kisha *Very Good Plus*, *Very Good*, *Good*. Usidanganywe na hiyo *Good*. Santuri ya *Good* ina kelele na mikwaruzo. Jina ni la heshima tu. Vitabu vya mitumba viko vilevile: *Fine* ni daraja la juu, na *Good* ni kitabu kilichochakaa kikiwa na kurasa zake zote. Kwa hiyo katika masoko haya usiandike *mint* kwa maana ya “nzuri sana”. Mnunuzi atakupima kwa daraja.

Katika mazungumzo ya vijana wa Uingereza *mint* ni sifa ya kitu chochote kizuri. Hilo libaki kwenye mazungumzo.

Kwa jicho moja

| Neno | Linauliza nini | Linakaa vizuri na | Likwepe kwa |
|---|---|---|---|
| pristine | Je, kimebaki kama kilivyokuwa? | beach, snow, wilderness, sample, copy | mtu, tabia, utekelezaji |
| immaculate | Je, kimetunzwa bila kasoro? | kitchen, uniform, lawn, timing | pori, sampuli ya maabara |
| spotless | Je, kuna doa? | floor, glass, record | mandhari |
| mint | Je, kimewahi kutumika? | coin, stamp, record, comic | mahali, mtu |
| flawless | Je, kuna dosari, hata ndogo? | diamond, skin, logic | chumba |
| unspoilt | Je, ujenzi na biashara vimefika? | village, coast, valley | vifaa |

*Flawless* inastahili neno moja zaidi, kwa kuwa kwenye almasi ina kipimo: almasi ya daraja hilo haionyeshi dosari ndani wala nje mtaalamu anapoitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10. *Impeccable* haimo kwenye jedwali kwa sababu haizungumzii vitu. Mzizi wake ni kutenda dhambi, kwa hiyo inasifu adabu, mavazi, hoja na sifa za kazi.

Misitu, fukwe na mito

Hapa ndipo *pristine* inapotumika sana, na ndipo inapokosewa sana.

Kosa la kwanza ni maji. *Pristine water* haimaanishi maji salama ya kunywa. Mto wa mlimani unaweza kuwa *pristine* kwa kila kipimo, hakuna kiwanda wala shamba juu yake, na bado ukakuumiza tumbo kwa vimelea vya kinyesi cha wanyamapori. Maji safi na salama ni *clean, safe water* au *drinking water*. Ripoti ya mradi wa visima inayoandika *pristine water* imeahidi jambo ambalo haikulipima.

Kosa la pili ni watu. Ukiuita msitu *pristine*, umesema hakuna binadamu aliyewahi kuubadilisha, na mara nyingi hilo si kweli. Mwaka 1992 mwanajiografia William Denevan alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mabara ya Amerika kabla ya Wazungu kufika ilikuwa imeshalimwa, imechomwa na kupangwa na wenyeji wake. Pori ambalo wageni walilikuta baadaye lilikuwa limeota baada ya wenyeji kupungua kwa wingi. Tangu hapo wataalamu wengi hulitumia neno hili kwa tahadhari, na jamii zinazoishi msituni zina sababu ya kutolipenda, maana linawafuta kwenye ardhi yao.

Kwenye ripoti kuna maneno yenye mipaka iliyo wazi. *Primary forest*, kwa maana ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), ni msitu wa miti ya asili uliojiotea, usio na dalili za wazi za shughuli za binadamu. *Intact forest landscape* ni eneo la angalau kilomita za mraba 500 lisilo na dalili za kukatwakatwa. *Old-growth* inahusu umri na muundo wa miti, na msitu uliowahi kukatwa zamani unaweza kuufikia. Kwa Kiswahili yote matatu huishia kuwa “msitu wa asili”, kwa hiyo mfasiri aongeze maelezo badala ya kutegemea jina.

*Virgin forest* bado ipo, lakini inazeeka. *Virgin* imepata kazi imara zaidi kwenye bidhaa, na kila mahali ina maana yake: *virgin plastic* ni plastiki ambayo haikutokana na urejelezaji, *virgin wool* ni sufu inayofumwa kwa mara ya kwanza, na *virgin olive oil* ni mafuta ya zeituni yaliyokamuliwa bila kemikali wala kusafishwa kiwandani. Kwenye mafuta hayo kuna hata kipimo cha asidi: isizidi gramu 2 katika gramu 100, na kwa *extra virgin* isizidi 0.8.

Kwa tangazo la utalii, *unspoilt* mara nyingi ni neno la kweli kuliko *pristine*. Kijiji cha wavuvi chenye mitumbwi, nyavu na moshi wa jikoni kinaweza kuwa *unspoilt*: hakuna hoteli za ghorofa, hakuna barabara kuu. Hakiwezi kuwa *pristine*, kwa sababu watu wanaishi hapo. Wamarekani huandika *unspoiled*. Chagua tahajia moja uishike.

Maabara na vitabu vya kitaaluma

Mfasiri wa makala za sayansi akikutana na *pristine graphene* asiandike “grafini safi”. Maana yake ni grafini (utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja) ambayo haijaongezewa kitu wala kubadilishwa kikemia. *Pristine electrode* ni elektrodi ya betri kabla haijachajiwa hata mara moja. Yenyewe ni mchanganyiko wa vitu kadhaa, kwa hiyo “safi” ingedanganya kabisa, maana usafi wa kikemia ni *pure*. “Ambayo haijatumika” au “ambayo haijabadilishwa” inatosha.

Wanaanthropolojia nao, wakimfuata Morton Fried, husema *pristine state* kwa dola iliyochipuka bila kuiga dola nyingine iliyotangulia. Mesopotamia, China na Andes hutajwa mara nyingi. Hapo maana ya karne ya 16 imerudi nzima: dola asilia. Usafi wa serikali ni mada nyingine.

Sarufi inayokamata watu

Maneno haya yanasifu ukamilifu, kwa hiyo *very* hayapendi. *Very clean* ni sawa. *Very pristine* na *very spotless* husikika kama kujaza debe lililojaa. Tumia *absolutely*, *completely*, au upande wa chini *almost* na *near*: *near-pristine*, *near mint*. *More pristine* utaiona watu wanapolinganisha fukwe mbili, lakini mhariri mkali ataipigia mstari.

Ni *in pristine condition*, *in mint condition*, *in immaculate condition*, bila *a*. Lakini *state* inaidai: *in a pristine state*. Kosa hili dogo ndilo linalofichua haraka kwamba mwandishi alikuwa anatafsiri.

Kwa vielezi, *immaculately dressed* na *spotlessly clean* ni vya kila siku. *Pristinely* ipo kwenye kamusi na ni bora ibaki humo. Katika matamshi ya *pristine*, Waingereza wengi huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza na Wamarekani wengi kwenye ya pili; yote mawili yanakubalika, mradi “ii” ya mwisho ivutwe.

Ukianzia kwenye Kiswahili

Safi ni neno pana mno: *clean*, *fresh*, *pure*, hata *great* mtu anaposhangilia. Lisikupeleke kwenye *pristine* moja kwa moja. Nadhifu ni *neat*, na ikizidi ni *immaculate*. Bila doa ni *spotless*. Bila dosari ni *flawless*. Asilia ni *original* au *natural*, na ndiyo iliyo karibu zaidi na roho ya *pristine*. Mpya kabisa ni *brand-new*. Kikiwa bado kwenye boksi lake, andika *sealed* au *unopened*, kwa sababu mnunuzi anaweza kukagua ukweli wake, ilhali *pristine* ni maoni ya muuzaji.

Simu iliyotumika ikabadilishwa kioo ni mahali pa kuwa makini. Inaweza kuonekana bila mkwaruzo, lakini *mint* si kweli, kwa kuwa imetumika, na *pristine* itamfanya mnunuzi aamini kioo ni kilekile cha mwanzo. *Immaculate* inakubalika kwa sababu inaeleza mwonekano na utunzaji peke yake. Andika *immaculate, with a replaced screen*. Au *refurbished* kama imefanyiwa ukarabati kamili.

Limebaki fundo moja: *restored to its pristine condition*. Kama *pristine* ni kisichoguswa, kitu kilichokarabatiwa kinawezaje kuwa hivyo? Jibu ni kwamba hapa linafanya kazi ile ya zamani, ya Macbeth: kurudishwa kwenye hali ya kwanza. Ni Kiingereza sahihi. Ila msomaji wa leo anaweza kuelewa tu kwamba jengo limesuguliwa likang'aa, kwa hiyo ikiwa ripoti yako ni ya uhifadhi wa jengo la kale, ambapo tofauti kati ya kusafisha na kurejesha umbo la awali ina uzito, andika *restored to its original condition* na utaje ni ya mwaka gani.